Mgomba wa Nyumba Namba Nne

Juzi nilikuwa napekua sanduku nikitafuta vyeti vyangu, nikakutana na kanga ya shangazi. Imechakaa kiasi kwamba maandishi yake hayasomeki tena, lakini lile doa bado lipo, la kahawia iliyokolea, kubwa kama sahani. Aliyewahi kukata mgomba anajua. Utomvu wake ukishaingia kwenye nguo, ufue kwa sabuni gani, umeshahamia. Nikaisogeza kanga puani. Ilinuka vidonge vya mende tu, lakini mimi nilisikia harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi, ule ubaridi wake wa majimaji, nikacheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna wizi. Mwizi nilikuwa mimi, na nilikuwa darasa la tatu.

Mama yetu alifariki mdogo wangu Deo akiwa bado anatambaa. Shamba letu la Kirushya lilikuwa limekwenda na matibabu yake, na nyumba ikaenda na shamba. Bibi, mama yake mama, akamchukua Deo. Shangazi akanichukua mimi, nikaishi naye Runazi. Baba hakuchukuliwa na mtu. Akaenda Nyakahura, kwenye gulio la barabarani, akawa anabeba mizigo ya watu na kulala kwenye baraza za maduka. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani Baba kapata kazi kubwa mno, kazi isiyo na nafasi ya watoto, na shuleni nilijisifu kwa wenzangu wenye baba wanaoshinda nyumbani.

Aliyemtoa Baba barazani ni mwenye lori mmoja aliyependa jinsi alivyokuwa akinawa uso na kuchana nywele kila asubuhi kana kwamba anakwenda ofisini. Akamwambia, "Mzee, mimi mama yangu mkubwa ana nyumba mjini Biharamulo. Twende ukamwone." Huyo mama mkubwa ndiye tuliyemwita Hajati. Alikuwa mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kiislamu, watu ambao babu zao walitoka pwani na majora ya vitambaa wakaishia kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata akigomba. Marehemu mumewe alijenga nyumba sita ndogo zilizoshikana, kila moja vyumba viwili na jiko, akaziweka wakfu. Maana yake ni kwamba alikwisha kuzitoa kwa ajili ya Mungu. Haziuzwi, hazirithiwi, hazitozwi kodi. Walikaa humo wazazi wenye watoto waliokosa pa kukaa, Waislamu kwa Wakristo, kwa miaka mitatu, mpaka waweze kusimama wenyewe.

Baba akapewa namba nne. Masharti ya Hajati yalikuwa machache na hayakuwa na mjadala: mzazi ajifunze kazi, moto uwake jikoni kila siku, na watoto warudishwe waende shule. Alisisitiza hilo neno, warudishwe. Alikwenda mwenyewe Runazi kuongea na shangazi, akakaa mkekani naye kutwa nzima, na jioni nikaambiwa nifunge nguo zangu. Shangazi akanifunga kanga yake kiunoni akilia na kucheka kwa wakati mmoja.

Nasema kweli, sikuwahi kuwa na maisha ya kuchekesha kama miezi ile ya kwanza na Baba. Hakujua kupika hata kidogo. Ugali wake wa kwanza juu ulikuwa uji, katikati unga mkavu, chini mkaa. Jirani yetu wa namba tatu, Mama Jeni, alikuja na mwiko wake mwenyewe, akasimama mlangoni akasema, "Baba Deo, toka hapo kabla hujaua mtoto wa watu." Akamfundisha. Mchana Baba alikuwa kwenye baraza la duka la Hajati akijifunza cherehani, yeye na mikono yake mikubwa ya kubebea magunia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa sketi yangu ya shule. Aliishona vizuri sana, ila mfuko aliuzungushia uzi pande zote nne, nikawa mtoto pekee darasani mwenye mfuko usioingia mkono. Nilimkataza asiufumue. Nilikuwa nawaonyesha watu.

Tulibakiza Deo tu. Kila jioni Baba alipakua chakula, akatazama sahani mbili, akakohoa. Nilijua kikohozi kile kilikuwa cha nani.

Kulikuwa na jambo moja lililoniogopesha pale. Kila Ijumaa baada ya swala Hajati alikuja kututembelea. Aliuliza habari za shule, akachungulia jiko, akataniana na Mama Jeni, kisha akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kile kiwanja ambako kila familia ilikuwa na kipande chake. Hapo alisimama muda mrefu akitazama maharage na mahindi yetu, midomo ameibana. Halafu anashusha pumzi, anasema "Haya," anaondoka. Mimi nilikata shauri kwamba anatafuta kosa. Nilidhani siku akiliona, tumekwisha, na kila Alhamisi nilikuwa napalilia mpaka majani yasiyokuwepo.

Likizo fupi ilipofika tukaenda Kirushya kumwomba Deo. Baba alikuwa amemshonea Bibi gauni la kitenge. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza ndani nje, akakagua mishono yote, akalikunja. Hakusema kitu, na kwa Bibi huko kulikuwa kusifu. Deo akaletwa. Alikuwa mnene, mweusi, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Alisimama mbele ya Baba, akainamisha kichwa, akasema "Shikamoo" kama anavyomsalimia mgeni yeyote, kisha akarudi kujificha nyuma ya Bibi. Baba alijibu marahaba, na mimi nilitamani kumfinya yule mtoto.

Baba akaeleza shida yake. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Rakini hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni ya wakfu, Mama. Ni mali ya Mungu."

"Mungu hana nyumba Biharamuro. Una migomba?"

"Sina, Mama."

"Basi hiyo siyo nyumba, mkwe wangu. Ni kambi. Sisi watu wa Ngara tumeziona kambi za wakimbizi. Watu wanakaa, wanazaa, siku moja wanaambiwa haya, pandeni magari. Mtoto wa binti yangu simpereki kambini." Akapapasa kichwa cha Deo. Nadhani alikuwa anamfikiria mama. "Siku utakapokura ndizi ya mgomba wako mwenyewe, njoo umchukue."

Huenda msomaji wa mbali hataona uzito wa maneno hayo, kwa hiyo nieleze. Kwetu, mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake hupanda maharage, mahindi, viazi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Mgomba hapandi. Mgomba unakaa miaka na miaka, unazaa wenzake, na anayeupanda ni kama ametangaza kwamba hapa ni pangu, sitoki. Hata watoto tulijua hivyo. Kwa hiyo Baba alielewa kwamba amenyimwa, kwa lugha ya adabu.

Mimi nilielewa vingine kabisa. Kichwani mwangu cha miaka tisa mambo yalikuwa yamenyooka. Kama anayepanda mgomba hatoki, basi dawa ni kupanda mgomba! Tukishaupanda, Hajati hata akiona kosa hataweza kututoa, Bibi atakosa la kusema, na Deo atakuja. Nilishangaa watu wazima wanavyoshindwa na hesabu nyepesi namna hiyo.

Asubuhi ya kuondoka, Bibi alipokwenda kuchota maji, nikachukua panga nikaingia nyuma ya jiko lake. Nikachimbua mche mmoja mdogo wenye shina la wekundu-wekundu uliokuwa umesimama ubavuni mwa mama yake, nikaukata majani, nikaufunga kwenye kanga ya shangazi. Utomvu ulinitiririka hadi kwenye kiwiko. Baba aliponiuliza nimebeba nini nikasema viazi. Safari nzima nimeupakata, na kila basi lilipofunga breki nilizidi kuukumbatia.

Niliupanda kona ya mwisho ya kipande chetu, pale maji ya bafu yanapopita. Mvua zilikuwa zimeanza, Baba akapanda mahindi, na mahindi yakakua haraka kuliko siri yangu. Nikawa nakwenda humo ndani kuutazama. Ulitoa jani la kwanza likiwa limejisokota, kisha la pili pana zaidi, nami nilikuwa naliambia lile jani habari zote za shuleni. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimeishikiza nyumba yetu ardhini kwa mkono wangu.

Kitu kimoja sikukifikiria. Mahindi huvunwa.

Siku ya kuvuna, Baba alikuwa anakata mabua kutoka upande wa nyumba na Mama Jeni anakata upande wake. Walifika kwenye ile kona pamoja. Mgomba ulikuwa umenifika kidevuni. Mama Jeni akaacha panga lianguke. "Yesu wangu! Baba Deo, umepanda mgomba kwa Hajati?"

Baba akanigeukia. Alinitazama, na uso wangu ukamwambia yote. Watu wa nyumba zote sita wakaja kusimama pale wakiutazama ule mgomba kama nyoka. Mmoja akasema tutafukuzwa sote. Baba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alichuchumaa tu, akaniuliza polepole, "Unajua ulichofanya? Tukiondolewa hapa, Deo nitampata wapi?" Ndipo nilipolia. Nilikuwa nimepanda ili tusitolewe, na sasa tunatolewa kwa kupanda.

Akachukua jembe, akauzungushia taratibu, akaung'oa na udongo wake. Akauweka begani, akanishika mkono, tukaenda hadi mtaa wa madukani. Nyuma yetu, mbali kidogo, Mama Jeni alitufuata kusikia hukumu.

Hajati alikuwa barazani kwake na miwani yake, anahesabu vifungo vya mashati.

"Shikamoo Hajati."

"Marahaba. Na huo mgomba vipi?"

"Nimekuja kuomba radhi. Mtoto aliupanda nyuma ya nyumba bila mimi kujua. Nimeshaung'oa."

Hajati akavua miwani. "Nani kakwambia uung'oe?"

Baba akababaika. "Ardhi ni yako, Hajati. Mtu akikukaribisha unapanda maharage. Mgomba hupandi. Ukipanda mgomba ni kama unamwambia mwenyewe kwamba hapa ni pangu."

"Hivyo ndivyo mnavyojua? Nyumba zote sita?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi sijui!" Hajati akasimama, vifungo vikatawanyika barazani. "Alaa! Miaka yote hii, kila Ijumaa nazunguka nyuma ya zile nyumba za marehemu, naona maharage, mahindi, maharage. Najiambia, hawa watu hawajapapenda kwangu. Wanakaa kama abiria. Wazee wangu walipofika mji huu, kabla hata ya kuezeka walipanda mlimau. Nikasema basi, nitawalazimishaje watu kupapenda? Nikawa nakwenda zangu nyumbani na huzuni yangu. Kumbe ni adabu!"

Mama Jeni, ambaye sasa alikuwa amefika barazani bila kualikwa, akasema, "Hajati, tulikuwa tunakuheshimu."

"Mmeniheshimu mpaka nimekonda," Hajati akasema, akaanza kucheka. Alicheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani. Mama Jeni naye akaangua kicheko. Baba alibaki amesimama na mgomba begani, hajui kama amesamehewa au anachekwa. Nilimwona anavyojaribu kutabasamu, nami nikampenda sana.

Kisha Hajati akanigeukia. "Na wewe, mwizi wa ardhi, uliupandia nini?"

Nikamweleza maneno ya Bibi. Kicheko kikamwisha. Akaniweka karibu naye, akanifuta kamasi kwa ncha ya kanga yake. "Mwanangu, hata ukipanda shamba zima, nyumba ile haitakuwa yenu. Baba yako akishasimama atahama, aje mwingine mwenye shida. Lakini anayekaa lazima ale, na atakayekuja naye akute cha kula. Nendeni mkaupande. Na wengine wote wapande. Halafu huyo bibi yako mwalikeni, nataka kumwona."

Jumamosi ile kiwanja kizima kilikuwa sherehe. Watu walikwenda kwa ndugu zao kila upande, wakarudi na miche kwenye baiskeli na vichwani. Mama Jeni alileta ya kwao Runazi, akaapa kwamba ndiyo mitamu kuliko yote, wakagombana na Baba mpaka jioni juu ya ndizi ambazo hazikuwepo. Mgomba wetu ulirudishwa konani. Wiki mbili ulilegea nikakata tamaa, kisha ukachomoza jani jipya, bichi, lililosimama wima. Niliposikia Baba anaimba akipiga pasi, nilijua naye ameliona.

Bibi alichukua muda wake. Tulialika, tukaalika tena. Mkungu ulishatoka, ukainama, ukanenepa, ndipo siku moja asubuhi tukamwona anashuka stendi na fimbo yake, amevaa lile gauni la kitenge, Deo amemshika nyuma.

Hakukaa. Hakunywa hata maji. Alipita katikati ya nyumba moja kwa moja mpaka nyuma, akasimama. Migomba ilikuwa imejaa ukuta hadi ukuta. Bibi akatembea taratibu mpaka kona yetu, akagusa shina la wekundu-wekundu, akalikwaruza kwa ukucha, akanusa.

"Huu mgomba ni wangu," akasema.

 Nikapiga magoti palepale nikakiri, panga, kanga, viazi vya uongo na yote. Bibi akanisikiliza hadi mwisho, uso haujabadilika. Kisha akamgeukia Baba. "Mkwe wangu, umeniibia mgomba. Sasa unataka na mtoto." Na kona ya mdomo wake ikacheza. Hajati, aliyekuwa amepelekewa habari akaja na kiti chake mwenyewe, akapiga makofi. Wale bibi wawili hawakuachana tena siku hiyo. Mmoja aliongea Kiswahili cha majora ya vitambaa, mwingine Kihangaza cha kwao Ngara nusu na Kiswahili nusu, na sijui walielewana nini, lakini walielewana.

Bibi mwenyewe ndiye aliyegonga ndizi kwa kidole akasema zimekomaa. Baba akakata mkungu, akamenya, akapika na maharage, mgongo ametugeuzia, maana kumpikia mama mkwe mbele ya macho yake si jambo dogo kwa mwanamume wa kwetu. Alipotenga, Bibi aliitazama sahani kwa muda. "Amepika nani?"

"Yeye," Mama Jeni akasema haraka. "Mwalimu wake mimi."

Bibi akala. Akaongeza. Baba alikuwa anaangalia sakafu, lakini masikio yake yalikuwa yanahesabu kila tonge.

Deo, yeye, alikuwa amegundua cherehani ambayo Baba alikuwa akiletewa nyumbani siku za kazi nyingi. Alizunguka mbali, akakaribia, akarudi, akakaribia tena. Baba bila kumtazama akazungusha gurudumu taratibu, sindano ikapanda ikashuka. Deo akacheka. Baba akazungusha tena. Baadaye nilipochungulia, Deo alikuwa amekaa mapajani kwake, mikono yote miwili juu ya gurudumu, anatoa amri: "Haraka! Sasa simama!" Na Baba anatii.

Jua lilipoanza kuinama Bibi akasema basi lake halimsubiri mtu. Hakuwa amesema lolote kuhusu Deo, si ndiyo wala hapana, na Baba hakuthubutu kuuliza. Tukamsindikiza wote hadi stendi kama ilivyo desturi. Nilitembea nikihesabu hatua na kumwomba Mungu, maana nilimwona Baba amemshika Deo mkono kwa namna ya mtu anayejua kwamba muda si mrefu ataachia.

Basi lilikuwa tayari linanguruma. Bibi akapanda ngazi moja, akageuka, akanyoosha mkono. "Haya Deo, twende."

Deo alikuwa ameshika kidole cha Baba. Akamtazama Bibi, akatazama ule mkono. Kisha akafanya vile alivyowaona wenyeji wakifanya mgeni wao anapoondoka. Akainua mkono wake mdogo, akapunga.

"Bibi," akasema, "karibu tena."

Baba alichuchumaa ghafla ubavuni mwa Deo. Bibi alibaki na mkono wake hewani, macho yamejaa, mdomo unatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Asante, mwenye nyumba," akasema. "Nitakuja." Akaurudisha mkono kifuani, akapanda ngazi zilizobaki, akaenda kukaa dirishani peke yake.